Miaka 25 mikononi mwa Waingereza: kwa nini Charles d'Orléans hakukombolewa mapema

Tarehe 25 Oktoba 1415, baada ya vita ya Agincourt kaskazini mwa Ufaransa, Waingereza walipita wanapekua marundo ya maiti wakitafuta walio hai na wenye thamani, na chini ya rundo moja wakamkuta kijana wa miaka 20, amebanwa na mavazi yake ya chuma na miili ya wenzake, anapumua. Huyo ndo Charles, duke wa Orléans, mtoto wa ndugu yake mfalme wa Ufaransa. Siku hiyo hiyo Mfalme Henry wa Tano alishaamuru mateka wauawe kwa kuhofia Wafaransa wanajipanga upya, waliobakizwa ni wale wakubwa kabisa, ambao kuwaua ni kutupa mali. Charles akabakizwa, akavushwa bahari. Zama zile mtu wa daraja lake akishikwa vitani, kawaida nyumbani wanachanga fidia, mambo yanajadiliwa, anarudi. Yeye alirudi Novemba 1440.

Miaka 25 nzima! Ameingia kijana, ametoka anagonga 46. Na katikati hapo amekuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kifaransa wa karne yake, na kuna muswada mzima wa mashairi ya Kiingereza ambao wasomi wengi wanampa yeye.

Sasa ukiuliza kwa nini alikaa muda wote huo, jibu la haraka utakalopewa ni pesa, fidia ilikuwa kubwa. Mi sikubaliani, au tuseme pesa ni kipande tu cha jibu. Angalia wenzake wa siku ileile: Arthur de Richemont aliachiwa 1420, kwa sababu Henry alimhitaji ili kumvuta kaka yake, duke wa Brittany. Count wa Eu alitoka 1438. Marshal Boucicaut alifia Uingereza 1421, na duke wa Bourbon naye akafia huko huko 1434. Yaani kila mateka alikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ilifuata zaidi siasa kuliko mfuko. Ya Charles ilikuwa ngumu kuliko zote, na naona ugumu wake ulianza miaka minane kabla hajashikwa.

Tarehe 23 Novemba 1407 baba yake, Louis, alivamiwa usiku kwenye mtaa wa Vieille du Temple pale Paris akakatwakatwa. Waliofanya kazi hiyo walitumwa na binamu yake mwenyewe, John, duke wa Burgundy, na John alikiri na bado hakuna aliyemgusa. Mfalme Charles wa Sita alikuwa mgonjwa wa akili tangu 1392, anapata nafuu anarudi tena, kwa hiyo aliyeshika Paris ndo ameshika nchi, na ugomvi wa nyumba mbili hizi ulikuwa juu ya hilo. Kesho yake, tarehe 24, Charles alitimiza miaka 13. Mwaka uliofuata, Desemba, mama yake Valentina Visconti naye akafa akiwa bado anadai haki ya mumewe. Mwaka 1409 akafa mke wake wa kwanza, Isabella, kwenye uzazi. Hebu mcheki vizuri huyo Isabella maana atarudi kwenye stori hii kwa njia ya ajabu: alikuwa binti wa mfalme wa Ufaransa, na kabla ya kuolewa na Charles alishaolewa akiwa mtoto mdogo kabisa na Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, yule aliyepinduliwa 1399 akafia kwenye ngome ya Pontefract mwaka uliofuata.

Kwa hiyo huyu kijana kabla hajafika miaka 15 ni yatima wa pande zote, mjane, baba wa katoto ka kike, na ana deni la damu ambalo kila mtu anamtazama yeye alilipe. Akaozwa tena 1410 kwa Bonne, binti wa count wa Armagnac, na mkwe wake ndo akawa nguvu ya upande wao hadi chama chote kikaitwa Waarmagnac.

Halafu wakafanya kosa ambalo mpaka leo ukilisoma linauma. Mwaka 1412 Waarmagnac waliwaita Waingereza waje kuwasaidia kumpiga Burgundy. Waingereza wakaja kweli na jeshi chini ya Thomas, duke wa Clarence, mdogo wake Henry, lakini walipofika Wafaransa walishapatana wenyewe kwa wenyewe kwa muda, jeshi la kigeni liko ndani ya nchi na linataka malipo yake. Pale Buzançais, Novemba 1412, wakakubaliana kiasi kikubwa cha dhahabu, na kwa kuwa dhahabu yenyewe haikuwepo yote, wakatolewa watu rehani. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Charles, Jean, count wa Angoulême, mtoto wa miaka 12 hivi. Jean hakushikwa vitani, hakumpiga mtu. Aliachwa dhamana ya deni, kaka yake aliyepaswa kulilipa akaja kushikwa naye miaka mitatu baadaye, deni likasimama, na Jean akarudi kwao 1445. Miaka zaidi ya 30. Watu wanamlilia sana Charles kwa sababu ya mashairi, mi kwa kweli anayeniumiza zaidi ni Jean. Huko kifungoni naye alishika vitabu, kuna nakala ya hadithi za Canterbury za Chaucer iliyoandikwa kwa ajili yake, ipo Paris hadi leo.

Turudi kwa Charles. Alipofika Uingereza alikaa Tower of London, Windsor, kisha akapelekwa kaskazini, Pontefract. Ndiyo, Pontefract ile ile alikofia mume wa kwanza wa mke wake. Hakuwa kwenye shimo na minyororo, tusidanganyane, alikuwa na watumishi wake, vitabu, karani, na mlinzi wake Robert Waterton alikuwa muungwana ambaye nyumba yake haikuwa mbali na ngome, na inaonekana Charles alikuwa anaruhusiwa kwenda huko kupunga upepo na kuwinda. Ipo barua ya Henry wa Tano ya miaka ile, ameiandika akiwa vitani Ufaransa, amepata habari kwamba kuna mtu wa duke huyu ameenda Scotland kupanga mambo na duke wa Albany, aliyekuwa ameshika utawala wa Scotland wakati ule, akaagiza Orléans abaki ndani ya ngome, asiende tena kwa Robert wala kwenye burudani nyingine yoyote, maana ni bora yeye akose burudani kuliko sisi tudanganywe.

Hiyo sentensi ndo kisa chote kwa kifupi. Henry hakuwa na chuki naye, alikuwa na hesabu. Na hesabu yenyewe ni hii: watoto wa kiume wa mfalme wa Ufaransa walikuwa wanapukutika, mkubwa akafa Desemba 1415, anayefuata akafa Aprili 1417, akabaki mmoja tu, Charles mdogo, ambaye baadaye ni Charles wa Saba. Kwa kuwa Ufaransa haikuruhusu kiti kupita kwa wanawake, basi kuanzia 1417 hadi huyo mfalme alipopata mtoto wa kiume 1423, mtu aliyefuata kwenye mstari wa kurithi ufalme wa Ufaransa alikuwa amekaa kifungoni huko Uingereza. Na mwaka 1420, kwenye mkataba wa Troyes, Henry mwenyewe akatangazwa mrithi wa kiti hicho hicho. Unamwachiaje mtu kama huyo? Kwa pesa gani? Henry alipokuwa anakufa Agosti 1422 aliacha wasia kwamba Orléans asiachiwe mpaka mwanae, aliyekuwa na miezi tisa, awe mtu mzima. Ukishawekwa kwenye wasia wa mfalme shujaa, kila atakayetaka kukufungulia ataambiwa anamsaliti marehemu.

Ila hapo tumesema upande mmoja. Upande wa nyumbani nao una yake, na wasimuliaji wengi hupita hapa haraka. Charles wa Saba hakuwa na haraka ya kumrudisha binamu mwenye jina kubwa, mwenye damu karibu na yake, anayeweza kukusanya makabaila nyuma yake. Pesa alikuwa hana kweli, nusu ya nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza na Waburgundy, lakini hata alipoanza kupata nguvu sioni kama alihangaika. Waliohangaika ni watu wa nyumba ya Orléans wenyewe, hasa Jean, ndugu yake wa nje ya ndoa, anayeitwa Bastard wa Orléans na baadaye Dunois. Waingereza walipouzingira mji wa Orléans Oktoba 1428 watu wengi waliona ni aibu, kwa sababu kwa maadili ya wapiganaji wa wakati ule huwezi kumshika mwenye mji halafu ukaenda kuuteka mji wake. Bastard ndo aliulinda, na Jeanne d'Arc ndo aliuokoa Mei 1429. Jeanne alisema wazi kwamba kumrudisha duke ni sehemu ya kazi aliyotumwa, na kwenye kesi yake 1431 alieleza kwamba angekamata Waingereza wa kutosha kubadilishana naye, au kama haikutosha angevuka bahari kumfuata. Huyu binti wa kijijini aliyechomwa akiwa na miaka kama 19 alikuwa na mpango wa kumtoa Charles ulionyooka kuliko wa mfalme wake. Na mwaka ule wa ushindi, kwa jina la duke aliye kifungoni, alishonewa mavazi ya kitambaa chekundu na kijani, rangi za nyumba ya Orléans.

Sasa ona dunia ilivyozunguka. Kati ya makamanda wa Kiingereza waliopigwa baada ya Orléans alikuwepo William de la Pole, earl wa Suffolk, akashikwa Jargeau Juni 1429, naye akaonja kuwa mateka wa Wafaransa, akalipa fidia iliyomkausha. Akarudi kwao, akamwoa Alice Chaucer, mjukuu wa Geoffrey Chaucer yule mshairi (ambaye naye, ujanani, alishikwa vitani Ufaransa na Mfalme Edward wa Tatu akachangia pauni 16 kwenye fidia yake mwaka 1360). Mwaka 1432 huyo Suffolk akakabidhiwa Charles. Kwa hiyo kwa miaka kama minne duke aliishi na watu hawa, kwenye ngome ya Wingfield huko Suffolk na kwenye nyumba zao nyingine, mwenyeji wake anajua kifungo kikoje, anapenda mashairi, na mke wa mwenyeji ni damu ya mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza. Mashairi yale ya Kiingereza yaliyo kwenye muswada wa British Library, mistari kama 6,500, yanaeleweka zaidi ukiijua nyumba hii. Wapo waliobisha kwamba si yake, lakini mengi kati yake yanatembea sambamba na ya Kifaransa, wazo kwa wazo, na pale yanapoachana ni kwa uhuru wa mwenye mali na si kwa uoga wa mfasiri.

Na mashairi yenyewe yanasema nini? Mengi ni ya mapenzi kwa desturi ya wakati ule, Moyo anaongea, Tumaini anampa ahadi, Huzuni anabisha hodi. Lakini kuna sehemu kifungo kinatokeza bila kificho. Liko moja anajiona amepotea kwenye msitu wa huzuni na kila beti inamrudisha kwenye mstari uleule, mtu aliyepotea asiyejua aendako. Liko jingine aliandika zilipozagaa habari Ufaransa kwamba amekufa, anawajibu wote, rafiki na adui, kwamba panya bado yu hai. Na liko la Dover: mwaka 1433 alishushwa hadi pwani kwa ajili ya mazungumzo ambayo hayakufanyika, akasimama kuitazama Ufaransa ng'ambo ya maji, akaandika kwamba alianza kushusha pumzi za moyoni kwa kuiona nchi anayopaswa kuipenda, na kwamba amani ni hazina ambayo huwezi kuisifu ikatosha. Kwetu tunaye Fumo Liyongo, mwana wa ukoo wa kutawala aliyefungwa na mashairi yakawa mlango wake wa kutokea, na msomaji wa Kiswahili akikutana na Charles naona anamwelewa haraka kuliko wengi.

Maana hata kwa Charles ushairi ulikuja kufanya kazi ya ufunguo. Ila kwanza alijaribu njia mbaya. Mwaka huohuo wa 1433 mabalozi wa Burgundy wakiongozwa na Hugues de Lannoy walimkuta London, Suffolk akiwa amesimama hapo hapo, wakamuuliza hali, akasema mwili mzima lakini inamuuma kupoteza siku bora za maisha yake kifungoni. Kisha akamfinya Lannoy mkono, kumwonyesha kwamba yako mengi ambayo hawezi kuyasema mbele ya mwenyeji. Mwezi Agosti akatia saini karatasi ya kumtambua Henry wa Sita, mtoto wa yule Henry, kuwa ndiye mfalme halali wa Ufaransa, ilimradi tu aachiwe. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo. Mi nashindwa kumlaumu mtu aliyekaa miaka 18 huku wenye uwezo wa kumtoa wanaangalia pembeni, lakini kisiasa ilikuwa karatasi tupu, haikumsogeza hata hatua moja.

Kilichomsogeza ni kubadilika kwa Burgundy. John aliyemuua baba yake naye aliuawa mwaka 1419 kwenye daraja la Montereau na watu wa upande wa Armagnac, na mwanae Philip kwa hasira akaungana na Waingereza. Mwaka 1435 pale Arras Philip akapatana na mfalme wa Ufaransa, lakini hakumwamini, akawa anatafuta mshirika mwenye damu ya kifalme wa kumwekea mfalme mkono begani. Mke wake, Isabella wa Ureno, ndo aliyeiona nafasi na kuibeba kazi. Mwaka 1439 kulikuwa na mkutano wa amani kati ya Calais na Gravelines, Isabella akiwa mpatanishi mkuu, na Charles akavushwa hadi Calais kama kielelezo. Hapo ndo yeye na Philip wakaanza kujibizana kwa mashairi. Charles anaanza, maadam sasa mimi ni jirani yako, mwenzangu, ndugu yangu na binamu yangu. Philip anajibu kwa beti vilevile. Na kwenye shairi moja Charles anamwandikia kwamba yeye ni Mburgundy kweli kweli, kwa moyo, kwa mwili na kwa uwezo wake wote.

Isome tena hiyo ukikumbuka mtaa wa Vieille du Temple. Mtoto wa aliyeuawa anamwandikia mtoto wa muuaji, ambaye baba yake naye aliuawa na watu wa upande wa huyu anayeandika, na wanaandikiana kwa vina. Kwenye barua ya kiserikali maneno hayo yangehitaji wanasheria na mashahidi, kwenye shairi yalipita kama adabu ya makabaila na kila mmoja akajua mwenzake anamaanisha nini. Yaani deni la damu la miaka 32 lilizikwa kabla wakili yeyote hajaandika kitu. Ndo maana siwaelewi wanaosoma mashairi yake kama kazi ya mtu aliyekuwa anaua muda tu.

London kulikuwa na mtu mmoja aliyeona hatari yote hii, Humphrey, duke wa Gloucester, ndugu wa marehemu Henry. Alipinga kwa maandishi: huyu bwana ana akili, amekaa kwetu anajua siri zetu na udhaifu wetu, akirudi atawapatanisha Wafaransa, na wasia wa kaka yangu je? Kwa hoja hakuwa mjinga hata kidogo. Lakini baraza lilishachoka na vita na gharama zake, na Henry wa Sita alitaka amani. Tarehe 28 Oktoba 1440, Westminster Abbey, Charles akala kiapo kwamba hatashika silaha dhidi ya Uingereza, na misa ilipoanza Gloucester akatoka akapanda mashua yake akaondoka. Fidia ilifika malaki ya vipande vya dhahabu, na Philip na Isabella wakahangaika kuikusanya na kuwafuata makabaila mmoja mmoja waitilie dhamana. Mwezi Novemba Charles akafika Gravelines, Isabella akiwepo kumpokea, na kabla mwezi haujaisha akaoa pale Saint-Omer, Marie wa Cleves, mpwa wa Philip, binti wa miaka 14. Bonne alishafariki kitambo, hawakuonana tena tangu 1415.

Gloucester alikosea kwenye jambo moja kubwa: alidhani mfalme wa Ufaransa atampokea. Charles alianza safari ya kwenda kwake na msafara mkubwa, kifuani ana nishani ya Golden Fleece, alama ya chama cha makabaila wa Burgundy, aliyovishwa na Philip, na Charles wa Saba akagoma kumwona na kundi lote lile. Basi akageuza akaenda zake Orléans Januari 1441, na watu wa mji wake wakampokea kwa shangwe ingawa wengi walikuwa hawajawahi kumtia machoni. Amani aliyoiimba hakuweza kuileta, ingawa mwaka 1444 pale Tours alikaa kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita na aliyetumwa na Uingereza alikuwa nani? Suffolk, mwenyeji wake wa zamani. Suffolk mwenyewe aliilipia: mwaka 1450 bunge lilipomshtaki, kumwachia duke wa Orléans lilikuwa moja ya mashtaka, na alipokuwa anakwenda uhamishoni akakamatwa baharini na kukatwa kichwa, mwili ukatupwa ufukweni Dover.

Charles akatulia Blois. Muswada wake wa mashairi aliorudi nao aliendelea kuujaza, akawaachia na wageni kurasa waandike yao, na mchezo wao mmoja ulikuwa kila mtu atunge shairi kwa kuanzia na mstari uleule wa mtu anayekufa kwa kiu pembeni ya chemchemi. Mmoja wa waliouandikia alikuwa François Villon, mhuni wa Paris aliyeingia na kutoka jela, na shairi lake liko humo humo kwenye kitabu cha duke.

Mtoto wa kiume alimpata Juni 1462 akiwa na miaka 67, akafa Amboise Januari 1465. Huyo mtoto ndo Louis wa Kumi na Mbili, mfalme wa Ufaransa kuanzia 1498. Alipokufa bila mtoto wa kiume mwaka 1515, kiti kikaenda kwa François wa Kwanza, mjukuu wa Jean, yule mtoto wa miaka 12 aliyeachwa rehani Buzançais, na uzao wa Jean ukatawala Ufaransa hadi 1589.